Soksi za Bahiya

Siku ya kwanza Tamim alipokwenda kwa Bi Mwanakhamis alichukua mfuko wake wa kazi, ule wa turubai aliokuwa akiubeba zama zile alipokuwa fundi wa mafriji. Safari hii ndani yake hamkuwa na spana. Mlikuwa na masweta mawili ya mtumba aliyoyachagua Darajani, moja la buluu iliyokoza na moja jeupe, na sindano tano nyembamba za kufumia zisizo na vichwa. Muuza duka la nyuzi alimuuliza sindano ni za nani, naye akajibu ni za mkewe. Jibu hilo lilimtoka haraka, kama mtu aliyekamatwa.

Bi Mwanakhamis alikaa Mkunazini, chumba cha chini, mlango wake ukitazama kichochoro. Alikuwa mjane wa makamo aliyejipatia riziki kwa kufuma seti za watoto wachanga, kofia na sweta na soksi, akiwauzia wanawake waliokaribia kujifungua. Tamim alimjua tangu mumewe yuhai. Aliwahi kuwatengenezea friji.

"Friji langu zima, Mzee Tamim," alisema alipouona mfuko.

"Sikuja kwa friji."

Akasimama pale kizingitini, mtu mzima wa miaka sitini na kitu, ndevu nyeupe, kanzu imepigwa pasi na mikono isiyojua pasi, akatafuta pa kuanzia. Mwisho akaufungua mfuko na kumwonyesha. Alieleza kwamba mkewe yuko Norwei kwa binti yao, na kwamba huko sakafu huuma kama barafu, na kwamba mwenyewe anataka kumfumia soksi. Si za rangi moja. Za nakshi, za rangi mbili, kama zile wanazovaa wanawake wa kule. Angependa kufundishwa, kama si dhambi.

Bi Mwanakhamis hakucheka. Alilivuta lile sweta jeupe, akalipima kwa vidole, akatafuta mshono wa pembeni. "Hili sufu kweli," alisema. "Hili la buluu lina nailoni kidogo, lakini litafaa. Kaa hapo barazani, mlango ntauacha wazi. Tutaanza kwa kufumua."

*

Bahiya aliondoka Unguja kwenda Norwei kumwangalia binti yao Nusrat alipojifungua mtoto wa kwanza. Ilikuwa arudi mtoto akishakaa kitako. Mtoto alikaa, akatambaa, akasimama, na Nusrat akashika mimba nyengine. Halafu Mansour, mume wa Nusrat, akahamia mji mwengine na kuacha nyuma koti lake na ahadi ya kutuma matumizi. Nusrat alifanya kazi ya kuuguza wazee, zamu za alfajiri na zamu za jioni, na watoto wawili hawawezi kuachwa na ukuta. Basi kila safari ya kurudi ilisogezwa mbele, na kila iliposogezwa Bahiya alieleza sababu kwa urefu, mpaka ukafika wakati akawa haelezi tena na Tamim hamuulizi.

Yeye mwenyewe aliwahi kuomba viza. Alikwenda mpaka Dar es Salaam na mkoba wa vyeti, akakaa mbele ya dirisha la kioo, kijana wa umri wa mwanawe akamuuliza kitu gani kitamfanya arudi kwao. Tamim alitaja nyumba yao ya ghorofani Kiponda. Yule kijana akauliza ndani ya nyumba yumo nani. Alijibu hamna mtu, na alipokuwa akijibu alijua amejifungia mlango mwenyewe.

Kwa hiyo alibaki na simu. Jioni baada ya magharibi Bahiya alimpigia, wakatazamana, na mazungumzo yao yalikuwa ya watoto, mvua ya kule na maji ya bomba ya huku. Siku moja aliigeuza simu akamwonyesha miguu yake. Alikuwa amevaa soksi mbili mbili na bado, alisema, vidole havihisi. Zipo soksi za sufu zinazofumwa kwa mkono na vikongwe wa kule, zina nakshi, zinatia joto hasa, lakini bei yake hakutaka hata Nusrat aijue. Alisema kwa mzaha, kisha akakimbilia mtoto aliyeanguka, na simu ikabaki inatazama dari.

Tamim aliitazama ile dari ya ugenini kwa muda. Katika ndoa yao yote alikuwa amemnunulia Bahiya vitu, amemtengenezea vitu, lakini hakumbuki kumfanyia kitu kwa mikono yake tangu mwanzo mpaka mwisho. Na ndani ya moyo wake lilikuwapo jambo jengine ambalo hakulitamka: kwamba mwanamke akivaa miguuni kitu alichofumiwa na mumewe, huenda miguu ikaikumbuka njia ya nyumbani.

*

Kufumua sweta ni kazi ya raha. Uzi hutoka wenyewe, kama mtu aliyechoka kushikilia. Waliukunja, Tamim akauosha nyumbani na kuuanika kwenye uwazi wa juu, mafundo ya buluu na meupe yakining'inia pamoja na fulana zake. Jirani wa nyumba ya pili alichungulia akauliza ni tambi gani hizo. Akajibu ni kamba.

Kufuma ndiko kulikomtoa jasho, na jasho lenyewe ndilo lililokuwa adui. Ilikuwa joto la Kaskazi limekolea, hakuna upepo kichochoroni, na sufu iliposhika unyevu wa vidole ilikwama kwenye sindano. Vitanzi vilimponyoka. Akivifuata kuviokota, vyengine viwili hushuka chini. Kwa vidole vilivyowahi kuunganisha mirija myembamba ya shaba, hili lilimuumiza. Bi Mwanakhamis alimwanzisha kwa rangi moja, kuzunguka na kuzunguka, mpaka bomba dogo la sufu likaanza kuning'inia chini ya mkono wake. Siku aliyofuma mizunguko kamili bila kudondosha alirudi nyumbani akitaka kumwambia mtu. Alikuta mlango umefungwa kama alivyoufunga.

Nyumba ile ilikuwa na vyumba vitatu, naye alishazoea kutumia kimoja. Alikula amesimama jikoni. Asubuhi alinunua mkate, boflo moja, na muuza duka, kijana wa watu asiye na nia mbaya, kila siku alimuuliza, "Moja tu, mzee?" naye kila siku akajibu, "Moja." Kuna wakati aliingia msikitini akamjibu mtu salamu, sauti ikatoka imepasuka, ndipo akagundua kuwa tangu jana hakuwa amesema neno lolote kwa kiumbe. Kwa Bi Mwanakhamis, hata kama mazungumzo yenyewe ni "rudisha nyuma" na "usivute," yalikuwa mazungumzo.

Nakshi aliichagua mwenyewe: mistari ya mapembe yanayopanda na kushuka, meupe juu ya buluu, kama upande wa mkeka. Bi Mwanakhamis alikuwa na ujuzi mdogo wa rangi mbili. Walikaa na simu ya Tamim wakitazama video za wanawake wa mbali, bila kuelewa lugha, wakifuata mikono tu. Uzi mmoja ukifuma, wa pili husubiri nyuma, kisha hubadilishana. Tamim aliogopa uzi unaosubiri usije ukalegea na kuharibu kazi, basi aliukaza. Alimaliza soksi nzima hivyo, kisigino na vyote, kwa nje ikapendeza kama ya dukani. Bi Mwanakhamis alimwambia aijaribu kwa mguu wake mwenyewe, maana nao ni mwembamba kama wa mwanamke.

Mguu ulifika nusu ukakwama. Alivuta, akavuta tena, uso ukamwiva. Soksi haikunyooka hata kidogo.

"Umeubana uzi wa nyuma," Bi Mwanakhamis alisema. "Mbele pazuri, lakini haingii mtu."

Akaishika ncha, akamtazama kuomba idhini. Tamim aliitikia kwa kichwa, akaiangalia kazi yake ya wiki nyingi ikifumuka.

*

Sasa barzani. Wazee wa pale Kiponda walikuwa na pembe yao ya kahawa, na mwenye kiti cha heshima alikuwa Machano, rafiki wa Tamim tangu ujana, mtu wa moyo mkunjufu na mdomo usio na kufuli. Siku za mwanzo alipomwona Tamim akipita na mfuko wa turubai alimuuliza anatokea wapi, naye Tamim, badala ya kusema ukweli ambao ungechekwa mara moja ukaisha, akasema amekwenda kumtengenezea Bi Mwanakhamis friji.

Lilikuwa jibu jepesi, na lilimgharimu. Kwa sababu alipita tena kesho yake, na siku iliyofuata, na wiki iliyofuata, kila siku wakati ule ule wa alasiri, kanzu safi, mfuko begani.

"Hivyo friji gani hilo, sheikh, lisilopona?" Machano aliuliza mbele ya wenzake.

"Kompresa inasumbua."

Watu waliangua kicheko. Mmoja alisema kwa mjane kompresa haiharibiki bure. Tamim alicheka nao, kwa kuwa kutokucheka kungekuwa kukiri, akanywa kahawa yake na kuondoka. Alijua tayari kwamba amekosea. Lakini alijipa moyo kuwa soksi zikimalizika maneno yatakufa, na kwamba mwanamme akisema mbele ya barza anajifunza kufuma soksi kama mwari, hayo maneno hayatakufa mpaka azikwe nayo.

Maneno hayangoji soksi. Alasiri moja alifika Mkunazini akakuta mlango umerudishwa. Alipiga hodi. Bi Mwanakhamis alifungua nusu, mtandio umeshuka mpaka kwenye nyusi, hakumkaribisha kukaa. Kaka yake alikuja jana, alieleza, akamuuliza harusi lini, na kama ipo kwa nini watu wa kwao waisikie njiani. Alimwonyesha kaka yake sindano, akamwambia kila kitu. Kaka mtu akasema yeye si mtoto wa kudanganywa kwa soksi.

"Nlifanya makosa," Tamim alisema. "Nliwaambia nakuja kwa friji."

"Nshasikia." Hakusema kwa hasira, na hilo lilikuwa zito zaidi. "Mimi nauza kwa wanawake, Mzee Tamim. Waume zao ndio wanaowapa ruhusa ya kuja mlangoni kwangu. Umeshajua kisigino, umeshajua kupunguza vidoleni. Iliyobaki nenda kaimalize kwako."

Akampa sindano zake zilizosalia na fundo la uzi mweupe. Tamim alimshukuru, akarudi kwa njia ya mzunguko ili asipite barzani. Alikuwa amemkosea mtu aliyemfanyia wema, na hakuwa na la kumlipa. Hata kwenda kumtetea kwa kaka yake kungeongeza moto.

*

Soksi ya kwanza aliimaliza peke yake, ameketi dirishani, uzi wa nyuma ameulegeza mpaka akahisi anafanya uvivu. Mguu wake uliingia. Aliutazama mguu wenyewe, umevaa mapembe meupe na buluu, ukitoa jasho katika joto la Unguja, akatabasamu chumbani kama mwehu. Aliamua jioni hiyo hatangoja mpaka amalize ya pili. Bahiya akipiga atamwonyesha.

Bahiya alipiga mapema, adhuhuri, na hakuwasha picha. Ilikuwa sauti tupu.

"Baba Nusrat, uko peke yako?"

"N'na nani mwengine?"

Kwa nyuma mtoto alikuwa akiimba kwa lugha ambayo Tamim haijui.

"Nimesikia unaoa," alisema Bahiya.

Tamim alishika soksi mkononi. Alicheka, akaona cheko lake halikuitikiwa, akaacha. Alimweleza tangu mwanzo: miguu yake aliyomwonyesha, masweta ya Darajani, Bi Mwanakhamis, uongo wa friji. Alieleza vibaya, akirukia huku na huku, na kadiri alivyoeleza ndivyo mwenyewe alivyosikia hadithi ilivyokuwa haina kichwa.

"Soksi," alisema Bahiya.

"Soksi. Zako."

"Usinifanye mtoto. Mimi sikukasirika. Mwanamme hawezi kukaa peke yake muda wote huu, nnajua. Niambie tu."

"Bahiya, wallahi sioi."

Tamim aliungoja utulivu wa mtu aliyeondolewa wivu, akakosa. Alimjua mkewe kwa pumzi. Pumzi aliyoisikia ilikuwa ya mtu aliyedhani amefika, akaambiwa bado safari.

"Basi huoi," alisema Bahiya polepole.

"Ulitaka nioe?"

Ndipo akamwambia. Hakulia, alisema kama mtu anayesoma. Ruhusa yake ya kukaa ilikuwa inakwisha. Nusrat alimpeleka kwa mwanasheria, naye mwanasheria akasema mzazi wa umri wake anaweza kupewa ukaazi akiwa hana mume. Mjane, au aliyeachwa. Mwenye mume arudi kwa mumewe. Hilo alilijua tangu kabla ya Ramadhani, na tangu wakati huo kila jioni alipopiga simu alikusudia kulisema, akaishia kueleza mvua.

"Nlikuombaje mtu ambaye hukunikosea kitu?" alisema. "Halafu nkasikia unaoa. Mungu anisamehe, nlipumua. Nkasema basi, ataniacha mwenyewe, na mimi sitokuwa nimeomba."

Tamim alikaa kitandani. Chini kichochoroni mtu aliita jina la mtu, akaitikiwa.

"Unataka nikuache," alisema.

"Sitaki. Nnakuomba."

"Na ukirudi huku?"

"Nimwache mwanangu na nani? Akitoka alfajiri, hawa wabaki na nani? Niambie wewe, na mimi ntakusikiliza. Nikirudi, wewe utakuwa na mimi. Yeye atakuwa na nani?"

Alitafuta jibu kwa moyo safi. Alipindua kila upande, kama afanyavyo fundi kabla ya kumwambia mwenye kitu kwamba hakitengenezeki, na hakulipata.

"Kama ntakuacha," alisema mwisho, "usiseme nlikuacha kwa ajili ya mwanamke. Usiwaache watu waseme hivyo. Yule bibi hana kosa, na mimi sina."

"Nitasema nini basi?"

"Sema ukweli."

"Ukweli nani atauelewa, Baba Nusrat?" alisema Bahiya. Mtoto akaja karibu na simu, akalia, na ikabidi amnyanyue.

*

Alasiri ile Tamim alikwenda barzani na mfuko wake. Aliwasalimu wote, akakaa, akatoa soksi ya pili iliyokuwa bado mfuko wa urefu wa vidole vinne tu, sindano tano zimejipanga kama miguu ya kaa, akaanza kufuma. Muuza kahawa alisita na kikombe mkononi.

"Hii ndiyo kompresa," Tamim alisema bila kunyanyua macho. "Nlikuwa nkijifunza kumfumia Mama Nusrat soksi. Nliona haya kusema. Bi Mwanakhamis alinifundisha barazani, mlango wazi, na aliyesema jengine amemsingizia. Mimi ndiye niliyewapa la kusema, kwa hiyo mimi namwomba radhi mbele yenu."

Mmoja alifunika mdomo, mabega yakamtikisika. Machano hakucheka. Aliiangalia mikono ya rafiki yake, uzi mweupe ukipita, wa buluu ukisubiri, akajikuna shingo.

"Mimi ndiye nliyemwambia shemeji yangu," alisema Machano. "Na yeye ana dada yake kule kule Norwei."

"Nnajua."

"Nlidhani kheri. Nlifurahi, haki ya Mungu. Nkasema Tamim amepata mtu wa kumpikia."

Tamim alimwambia ayachukue maneno haya mapya kwa kasi ile ile aliyoyachukua yale, na kwanza ayafikishe kwa kaka yake Bi Mwanakhamis. Machano aliondoka saa ile ile, kikombe chake hakijamalizika. La talaka Tamim hakulitaja. Alifuma mpaka wakati wa magharibi, vitanzi vikimponyoka zaidi kuliko kawaida kwa kuwa watu walikuwa wakitazama, na hapana hata mmoja aliyemuuliza mkewe anarudi lini.

*

Kwa kadhi alikwenda asubuhi, akangoja kwenye benchi pamoja na vijana wawili waliokuwa wakirushiana maneno juu ya kabati. Karani alimwita, akaandika majina, akauliza sababu. Mke ana kosa gani?

"Hana kosa."

Karani alinyanyua kalamu. "Hamkuelewana?"

"Tumeelewana sana."

Karani alimtazama kama mtu anayechezewa, akaandika anachokijua yeye. Kadhi alikuwa mtu mpole. Alimkumbusha kuwa hii ni talaka moja, na kwamba mpaka eda ya mkewe iishe, miezi mitatu, neno lake moja linatosha kumrejea. Hahitaji ndoa mpya wala mahari. Aseme tu amemrejea. Tamim alisema anajua. Alipiga picha ya cheti mlangoni, akampelekea Nusrat, si Bahiya, kwa sababu mkono ulikataa.

Soksi ya pili aliimaliza katika wiki hizo. Ilikuwa ndefu kuliko mwenzake kwa upana wa kidole. Alihesabu vibaya kabla ya kisigino na hakukuwa na mtu wa kumwambia arudishe nyuma. Aliifumua mara moja, akairudia, ikatoka vile vile. Alizitia bahasha akazipeleka posta. Mwanamke wa dirishani aliuliza ndani mna nini ili aandike, akasema soksi, akaulizwa ni za biashara au zawadi. Alifikiri kabla ya kujibu. "Andika zawadi."

Maisha yalimrudia yale yale, na tofauti ndogo. Bi Mwanakhamis alifungua tena mlango wake, hivyo alivyosikia kwa Machano, lakini yeye hakupita tena Mkunazini. Heshima ya mwenzake ilikuwa imetengenezeka, akaona si vyema kuijaribu uzito. Alibaki na uzi wa buluu. Hakuwa na wa kumfumia. Mara nyengine alishika sindano akafuma mizunguko, akafumua, akaulaza uzi mahala pake.

Bahasha ilichelewa. Ilipofika, Bahiya alimpigia na kuigeuza simu chini, miguu yake ikatokea juu ya sakafu ya mbao, imevaa. Alichezesha vidole. Tamim hakuona vizuri, akaisogeza simu karibu na miwani.

"Moja ndefu," alisema.

"Nimeiona."

Aliivua ile ndefu, akaigeuza ndani nje, akapitisha kidole juu ya nyuzi za nyuma. Bahiya alishona kofia ujanani, na washona kofia hawaamini kazi mpaka waione upande wa pili. Alizifuata moja moja, kutoka kisigino mpaka vidoleni.

"Sikukuamini," alisema Bahiya. "Siku ile uliponambia, sikukuamini hata kidogo."

Eda ilikuwa haijaisha. Zilibaki siku chache, na wote wawili walizijua ingawa hapana aliyezitaja. Neno lilikuwa karibu na ulimi wake, fupi, halali, lisilohitaji shahidi wala nauli. Angelitamka pale pale, na yule mwanamke mwenye soksi mkononi angekuwa mkewe kabla hajavuta pumzi nyengine. Na kule chini ya meza alimwona mjukuu wake, aliyemjua kwa kioo tu, amekumbatia mguu wa bibi yake uliobaki na soksi, amelaza shavu juu ya mapembe meupe, ananyonya kidole.

"Kisigino hakibani?" Tamim aliuliza.

"Hakibani," alisema Bahiya.

Baada ya hapo simu ilikaa kimya siku kadhaa, kisha ikalia jioni moja, wakati ule ule wa siku zote. Tamim alikuwa ametoka kuoga, yuko na shuka kiunoni na fulana ya singlendi. Aliipokea kwa haraka. Bahiya alikuwa jikoni kwa Nusrat, chungu kikifuka mvuke nyuma yake, na alikuwa amejitanda mtandio mweusi, umefunika nywele zote na masikio na kushuka kifuani, amebana kwa pini chini ya kidevu.

"Una wageni?" Tamim aliuliza.

"Sina," alisema Bahiya, na akainamisha macho.

Alihesabu siku za eda, ndipo akafahamu. Kisha alisema, "Nisubiri kidogo," akailaza simu kifudifudi kitandani. Alivaa kanzu, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni. Alitafuta kofia, akaivaa. Alivuta kiti, akakaa wima kama mtu aliyetembelea nyumba ya watu, akainyanyua simu.

"Naam, Mama Nusrat," alisema. "Nakusikiliza."